Maduara Meusi Juu ya Theluji

Arobaini Kubwa, siku ya 1

Mwalimu Parwin ametupa kila mmoja daftari jipya na kazi moja: tuandike majira yote ya baridi, hata siku isiyo na jambo. "Msinitungie mashairi," alisema. "Niandikieni mlichokiona." Basi naanza.

Jina langu ni Sirwe, nina miaka kumi na minne, naishi na Baba na Bibi. Bibi yangu hahesabu miezi ya serikali. Kwake baridi ni mbili: Arobaini Kubwa, yenye siku arobaini, halafu Arobaini Ndogo, ambayo ni siku ishirini tu, lakini anasema ina hasira kuliko dada yake. Nitaandika tarehe kwa hesabu ya Bibi. Siku ya mwisho ya Arobaini Ndogo ni siku ya mtihani wa kuingia shule ya bweni ya wasichana. Kutoka kijiji chetu tutaufanya wawili, mimi na Galawej.

Nyumba zetu zimepanda mlima kama ngazi. Paa la kina Galawej ndilo ua wetu. Akinihitaji hugonga dari yao kwa mpini wa ufagio, nami nasikia mlangoni kwetu. Jana usiku, usiku mrefu kuliko yote mwakani, walipanda kwetu wote watatu, yeye na wazazi wake, tukakaa kwenye korsi, meza yetu fupi ya majira ya baridi, tukala tikiti maji na makomamanga. Bibi alikuwa ameweka jiko la makaa chini ya meza kama kawaida, na mfarishi mkubwa juu yake. Tulijifunika hadi kidevuni, miguu yote ikagombania joto pale chini. Galawej alinifinya kwa vidole vya mguu, nikapiga kelele, Baba akasema, "Na hawa ndio wanaotaka kwenda bweni!"

Siku ya 2

Shule iko mjini, kilomita kumi na nne. Basi dogo la Kaka Hamarash hutumia saa moja na nusu. Akifika chemchemini anasimama, analala chini kwenye theluji na kufunga minyororo kwenye matairi. Akifika Kona ya Mjozi anasimama tena. Anashuka na nondo yake, anaichoma theluji hatua kwa hatua hadi mwisho wa kona, anatazama mlima juu, anarudi. Halafu tunashuka sote, tunavuka kwa miguu, mmoja mmoja, hatua ishirini kati ya mtu na mtu, bila kupiga kelele, theluji ya mlimani isije ikatuporomokea. Basi linavuka likiwa tupu, nyuma yetu.

Leo Galawej alimwambia, "Kaka Hamarash, hata bibi harusi anafika kabla yako, na yeye analia njia nzima!"

"Bibi harusi anasubiriwa na mume," akasema. "Nyinyi mnasubiriwa na mama zenu. Shuka."

Tulicheka hadi ng'ambo, tena kwa kelele. Mimi naona ni mwoga.

Siku ya 4

Wino umeganda kwenye kalamu. Naandika kwa penseli.

Siku ya 7

Bwana afya alikuja shuleni na karatasi zenye picha. Somo la kwanza lilikuwa juu ya kutunza joto nyumbani. Alisema nusu ya joto letu linatoka nje kupitia nyufa, na watoto wanaugua kifua kwa sababu hiyo. Tuzibe madirisha kwa plastiki, tuzibe chini ya milango kwa matambara, tuzibe kila tundu. Jumamosi atarudi kwa somo la pili, juu ya moto na hewa.

Nimenakili karatasi yote. Mwalimu Parwin aliinua daftari langu darasani na kusema mwandiko kama huu unastahili kubandikwa ukutani. Galawej akaninong'oneza, "Basi tukubandike na wewe."

Siku ya 8

Asubuhi nilitazama vijiji vya ng'ambo. Kila paa lina duara jeusi katikati ya weupe, pale tundu la moshi linapoyeyusha theluji. Kwenye ua wetu lipo duara la kina Galawej, na ukingo wake wa udongo ili mtu asikanyage. Nilihesabu nyumba zetu zote kwa maduara: thelathini na moja. Nilifikiria joto lote lile linakwenda mbinguni bure.

Siku ya 10

Jumamosi. Hatukufika shule. Theluji mpya ilikuwa imelala juu ya barafu ya zamani, kisha jua likatoka. Kaka Hamarash alitazama mlima wa Kona ya Mjozi kama mtu anayesoma barua mbaya, akageuza basi.

"Lakini jua linawaka!" nilimwambia.

"Hilo jua ndilo nisilolipenda, linalegeza theluji ya juu."

Nimekosa somo la pili la bwana afya. Galawej alisema tumchangie Kaka Hamarash mtandio wa kujifunika kichwa. Jioni akina baba nao walimsema pale dukani: unakula nauli ya wiki, unawapeleka watoto siku tatu.

Siku ya 13

Leo ulikuwa mtihani wa hesabu wa nusu mwaka, na tulichelewa kwenye chemchemi. Tulimlilia sote. Mimi ndiye niliyesema, "Kaka Hamarash, kwa ajili ya Mungu, leo tu usishuke." Alinitazama kwenye kioo. Nafikiri aliona haya kwa maneno yale ya dukani. Kwenye Kona ya Mjozi hakushuka na nondo, na sisi hatukushuka.

Basi liliteleza taratibu, kama mtu anayevutwa mkono. Hakuna aliyepiga kelele mpaka lilipolalia mtaro wa upande wa mlima. Lingeteleza upande wa pili, wa bondeni, nisingekuwa naandika. Galawej alivunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko cha mkono wa kuandikia. Alikuwa mweupe kama karatasi lakini akasema, "Sasa utanifanyia hesabu zangu wewe mwenyewe, dada."

Kaka Hamarash alikaa kwenye theluji na kujipiga kichwa kwa kofia yake.

Siku ya 14

Baba Galawej alipanda kwetu akanywa chai mbili. Ya tatu akaikataa, akageuza kikombe chini.

"Basi," akasema. "Binti yangu haendi tena. Barabara imenionyesha meno. Akae nyumbani na mama yake, nyumbani ni salama."

"Mtihani je?" nikauliza, na Baba akanikata kwa jicho.

Baada ya yeye kushuka, Baba aliniambia, "Jambo moja tena kwenye ile barabara, Sirwe, na wewe utakaa. Sitaki kwenda kukuchimbua kwa koleo."

Siku ya 17

Nimeanza kumpelekea Galawej masomo kila jioni. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zinaanguka kama walevi, na anazicheka mwenyewe. Baba Galawej anatusikiliza akiwa anachonga mpini wa koleo. Leo alisema, kama vile anaongea na mpini, "Mkono ukipona, na barabara ikitulia, tutaona mwanzo wa Arobaini Ndogo."

Galawej alinikanyaga mguu chini ya korsi. Ataufanya mtihani! Nina hakika ataufanya.

Tatizo ni chumba chao. Kina baridi kuliko chetu, na tundu la dari liko juu kabisa ya korsi, theluji inamdondokea kwenye daftari. Vidole vya kushoto vinakufa ganzi, anaacha kuandika kila baada ya mistari mitatu.

Siku ya 18

Nimefanya jambo jema leo.

Nilimsomea Baba Galawej karatasi ya bwana afya, yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliniomba nirudie pale pa nusu ya joto. Kisha akasema, "Miaka arobaini naipasha moto mbingu, kumbe!" Tulijaza gunia sufu kuukuu. Mimi nilipanda ngazi kwa kuwa ni mwembamba, nikalisukumia gunia kwenye tundu, nikapigilia plastiki juu yake kwa misumari kumi na miwili. Madirisha Mama Galawej alikuwa ameshayaziba tangu vuli.

Baada ya nusu saa tulivua makoti. Galawej aliandika ukurasa mzima bila kusimama. Mama yake alinibusu kichwani.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwetu nilipopanda. "Na moshi utatokea wapi, masikioni mwao?"

"Bibi, makaa yakishakuwa meupe hayana moshi. Wewe mwenyewe ndiye unayeyasubiri nje mpaka yawe meupe."

"Mimi nayasubiri," akasema. "Na tundu nimeliacha."

Nilimwonyesha karatasi. Bibi hajui kusoma. Aliishika, akaitazama picha, akanirudishia kwa heshima, kwa sababu ilitoka shuleni.

Siku ya 19

Ua wetu ni mweupe wote. Hakuna duara. Nilifurahi kuuona.

Siku ya 22

Nyumba tatu zimetuiga: ya mwadhini, ya mjane Khawar, na ya seremala. Mama Galawej ndiye aliyewaambia. Mke wa mwadhini alinisimamisha njiani. "Ndiye huyu binti wa karatasi? Mungu akuzidishie akili."

Galawej alilalamika kichwa. "Hesabu zako zinaniumiza."

Siku ya 25

Kaka Hamarash bado anatupeleka, kwa basi lililopinda ubavu. Hatumchezei tena. Kwenye kona tunashuka kabla hajasema.

Galawej anaumwa kichwa. Mama yake alimzungushia moshi wa mbegu za kufukuzia husuda, akasema ni macho ya watu. Mimi nami niliondoka kwao na kichwa kizito. Nimesoma sana wiki hii.

Siku ya 26

Theluji.

Siku ya 29

Galawej alitapika, halafu akatoka nje kutupa maji, akarudi mzima akicheka. "Baridi ndiyo dawa yangu." Tulimaliza sura ya mwisho ya jiografia.

Siku ya 33

Baba Galawej amekubali! Amesema ataanza shule siku ya kwanza ya Arobaini Ndogo, ila aketi kiti cha mbele, na Kaka Hamarash aape. Kaka Hamarash aliapa dukani mbele ya watu: bila nondo hapiti, hata akisubiriwa na waziri.

Galawej amepanga mkoba wake. Bado siku nane, na ameshaufunga.

Siku ya 36

Mwalimu Parwin alinipa karatasi ya somo la pili. "Ulilikosa siku ile ya barabara. Lisome nyumbani, nitakuuliza." Niliiweka katikati ya kitabu cha sayansi ili isikunjike.

Kurudi, dhoruba ilitukuta chemchemini. Tulivuka Kona ya Mjozi tukishika kamba, na Kaka Hamarash alirudi mara tano kuwachukua wadogo. Sikuona mikono yangu mwenyewe. Nilipofika Bibi alinivua, akanisugua miguu kwa theluji na baadaye kwa mikono yake, akaniingiza kwenye korsi. Sijafungua kitabu. Naandika nikiwa nusu nimelala.

Siku ya 37

Dhoruba. Hakuna shule.

Siku ya 38

Siku ya 39

Siku ya 40

Mwalimu alisema tuandike tulichokiona.

Siku ya 38, dhoruba ilikuwa bado. Asubuhi mimi na Baba tulisukuma theluji kutoka uani. Ukitupa theluji, desturi ni kuwaita walio chini kwanza, wasije wakaangukiwa. Nikaita, "Galawej, tunatupa!" Akatoka mlangoni kwao chini, amejifunga shali mpaka puani, ameshika jiko kwa mkono wa kushoto. Makaa yalikuwa meusi, yanawaka pembeni tu.

"Upepo unayazima!" akapiga kelele. "Nayaweka ndani yamalizikie huko!"

"Subiri yawe meupe!"

"Nitayafunika majivu ya jana, yatakuwa meupe sasa hivi!" Akacheka. "Ukimaliza njoo, nimekwama kwenye swali la nane."

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia, swali la nane.

Baba na Baba Galawej walikwenda na wanaume wengine kufungua njia ya msikitini. Mimi niliingia ndani kupasha vidole. Nilifikiria, kabla sijashuka, nisome ile karatasi, ili Mwalimu akiniuliza nijue. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Niliifungua juu ya mfarishi wetu, na mstari wa kwanza ulisema: *Yote tuliyofundisha katika somo la kwanza ni kwa nyumba zenye bomba la kutolea moshi. Chumba chenye makaa, usizibe kamwe tundu lake, maana makaa hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka.* Chini yake kulikuwa na picha ya watu waliolala kwenye korsi, na orodha: kichwa kuuma, kutapika, kupata nafuu mtu anapotoka nje.

Sikuvaa viatu. Njia ya kushukia kwao ilikuwa imejaa theluji, ile tuliyoitupa sisi. Nilizama hadi kifuani. Nilichimba kwa mikono, nikiwa namwita Galawej, na Bibi juu yangu ananiita mimi, na upepo unayachukua majina yote mawili.

Mlango wao ulikuwa umebanwa kwa matambara chini, kama karatasi ilivyoagiza. Nilipousukuma, Mama Galawej alikuwa amelala nyuma yake, mkono umenyooka kuelekea kizingiti. Alikuwa anapumua. Nilimvuta nje kwa shali yake.

Galawej alikuwa kwenye korsi amejifunika hadi kidevuni, daftari wazi kifuani. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mekundu vizuri, kama ya mtu aliyetoka kucheza. Kwa sababu ya hayo mashavu nilidhani nimewahi. Nilikaa hapo kando yake, nikamwita, nikampiga kofi. Ufagio ulikuwa sakafuni karibu na mkono wake wa kushoto. Sijui kama ulikuwa hapo tangu asubuhi au kama aliuchukua kutaka kugonga. Sikusikia kitu. Nilikuwa nasoma.

Wanaume walikuja mbio, wakambeba Galawej kwenye mlango uliong'olewa, wampeleke hospitali mjini. Kaka Hamarash alikuwa ameshafunga minyororo. Baba alitangulia basi na koleo, na wengine wanne, na Baba Galawej akakaa ndani amemshika kichwa. Walifika Kona ya Mjozi. Kaka Hamarash alishuka na nondo kama alivyoapa, akaenda hatua chache, akaanguka magoti, kwa sababu kona haikuwepo tena, mlima ulikuwa umeshuka wote juu yake. Walichimba mpaka mwanga ulipokwisha. Baba anasema Galawej alikuwa ameshakufa kabla hawajaondoka kijijini, na kwamba wote walijua, na hakuna aliyeacha kuchimba.

Mama Galawej ataishi.

Arobaini Ndogo, siku ya 1

Leo ndiyo siku ambayo angeanza shule.

Dhoruba ilitulia jana usiku, na udongo wa makaburini ulikuwa kama chuma. Waliwasha moto juu yake tangu alfajiri ili ulainike wapate kuchimba. Nilitazama makaa yale. Yalikaa nje mpaka yakawa meupe kabisa.

Siku ya 3

Matangani wanasema ni majaliwa. Wengine wanasema makaa ya mwaka huu ni mabaya, ya mti mbichi. Mke wa mwadhini anasema ni husuda, binti alikuwa na akili sana. Hakuna anayelitaja tundu. Wanapoinama kunipa pole wananiita rafiki wa marehemu.

Siku ya 4

Ua wetu ni mweupe wote.

Siku ya 6

Natazama kutoka mlangoni kila asubuhi. Maduara ni ishirini na saba. La mwadhini halipo, la Khawar halipo, la seremala halipo, la kina Galawej halipo. Khawar ana wajukuu wawili.

Siku ya 7

Jana hewa ilinyamaza, na leo Bibi akasema goti lake linamwambia dhoruba ya Arobaini Ndogo itaingia kesho kutwa. Nilimwambia Baba yote. Nilimwonyesha karatasi mbili, ya kwanza na ya pili.

Alizisoma polepole.

"Kaa kimya," akasema mwishowe. "Nitakwenda mwenyewe nyumba zile tatu, niwaambie wafungue."

"Watakuuliza kwa nini, Baba. Wao wanasema ni makaa mabaya."

"Nitatafuta neno."

"Wakilikataa neno lako? Baridi ikija wataziba tena."

"Sirwe." Sauti yake ilikuwa kama anayenishika bega. "Ukisema, ni wewe. Maisha yako yote hapa utakuwa ni wewe. Na shule ndiyo imekwisha, maana nani atampeleka bintiye kusoma, kama kusoma kwenyewe ni huku?"

Bibi alikuwa anageuza makaa nje ya mlango. "Mwache aende," akasema bila kugeuka. "Mimi niliogopa karatasi nikanyamaza. Angalia."

Siku ya 8

Nilishuka baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walikuwa bado wameketi kwa Baba Galawej, mwadhini na seremala wakiwemo. Chumba kilikuwa na korsi bila makaa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwasha. Mama Galawej aliegemea ukuta amefunika uso.

Sikujua jinsi ya kuanza, basi nikasoma. Nilisimama kama darasani nikasoma karatasi ya pili kwa sauti, yote. Kisha nikasema, "Niliyeziba tundu lile ni mimi. Nilisoma nusu ya somo nikaifundisha kama ni lote. Hayakuwa makaa mabaya wala macho ya watu. Kichwa kilimuuma wiki mbili na mimi nikaandika kwenye daftari kwamba ni hesabu. Nyumba zenu bado zimezibwa. Tafadhali zifungueni leo."

Seremala aliinuka nusu. "Wewe mtoto, unajua unachosema mbele ya nani?"

"Anajua," akasema Baba Galawej.

Alinitazama. Macho yake yalikuwa hayana kitu, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Nilisubiri anipige, na nilitaka anipige.

"Siku ile ngazi ilikuwa inayumba," akasema. "Unakumbuka?"

"Ndiyo, Baba."

"Aliishika nani?"

Nilitazama mikono yake.

"Niliishika mimi. Na misumari nilikuhesabia mimi, mmoja mmoja." Akasimama, akatoka, akarudi na ngazi ileile. Akaisimamisha juu ya korsi, akaishika kwa mikono miwili. "Panda. Mikono yangu haitaweza."

Nilipanda. Kila msumari ulitoka na sauti yake. Nilipolivuta gunia, sufu, masizi na theluji vilituangukia, vikaanguka juu ya mfarishi mahali pale alipokuwa anaketi, na mwanga wa mchana ukaingia hadi sakafuni. Mama Galawej alifunua uso akautazama ule mwanga. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, walivyosema wanawake.

Baba Galawej aliiweka ngazi begani. "Twende kwako kwanza," akamwambia mwadhini. Hakuna aliyebishana na mtu aliyebeba ngazi ile.

Siku ya 9

Dhoruba, kama goti la Bibi lilivyosema. Mke wa mwadhini alipita bila kujibu salamu yangu. Wajukuu wa Khawar wameambiwa wasicheze uani kwetu.

Siku ya 11

Dhoruba.

Siku ya 12

Imekwisha. Hakuna aliyekufa.

Siku ya 15

Kaka Hamarash alipiga honi asubuhi, njia imefunguliwa. Baba hakuniamsha. Nililala nikisikiliza honi, mara tatu, halafu basi likaondoka. Nilikwenda kugeuza makaa.

Siku ya 17

Baba Galawej alipanda kwetu leo, akaweka mkoba juu ya korsi. Ni mkoba wa Galawej, bado umefungwa.

"Kuna penseli mpya humo," akamwambia Baba, si mimi. "Na rula. Zisikae bure."

"Kaka yangu," Baba akasema, "watu wanasema..."

"Watu wanasema. Somo la pili lilifundishwa siku barabara ilipofungwa. Sirwe angekuwa bweni, angelisikia, na binti yangu angekuwa anaumwa baridi tu sasa hivi." Akaugusa mkoba. "Kichwani mwangu humo sina amani naye bado. Nikimwona, naiona ngazi. Lakini mpeleke."

Alikataa chai.

Siku ya 20, ya mwisho

Naandika ndani ya basi, mkono unaruka. Mtihani ni saa tatu.

Alfajiri Baba alikuwa ameshanifungulia njia hadi barabarani, na alikuwa bado anasukuma koleo nilipompita, hakuinua kichwa. Kiti cha mbele, cha Galawej, kiko wazi. Kaka Hamarash ameweka koti lake juu yake na hakuna aliyethubutu kukiulizia. Chemchemini alifunga minyororo. Kwenye Kona ya Mjozi alisimama, na pale theluji ilipoanza tulimkuta mtu amesimama, nondo yake mkononi, ndevu zimeganda. Ni Baba Galawej. Alikuwa ametoka kijijini kwa miguu gizani.

"Nimeichoma yote," akamwambia Kaka Hamarash. "Hatua mia na sita. Imara."

"Hata hivyo watashuka."

"Watashuka, ndiyo."

Tulishuka. Tulivuka mmoja mmoja, hatua ishirini kati ya mtu na mtu, kimya. Nilikuwa wa mwisho. Katikati ya kona kijiji kinaonekana chote, kimelala juu ya mlima wake. Niligeuka, ingawa haturuhusiwi kusimama pale, nikahesabu maduara haraka, kutoka juu kwenda chini, na nilipofika kwenye ua wetu nilikuta lipo, dogo, jeusi, limeyeyuka vizuri kingo zote.

Thelathini na moja.

"Tembea, mwanangu," akasema Baba Galawej nyuma yangu. "Usisimame hapo."

Nikatembea.